Chatu Kwenye Kabati la Vikombe

Mimi ndiye niliyemtoa chatu wa kaka Yona kwenye sanduku lake. Nimelikana jambo hilo mbele ya baba, mbele ya mama, na mara moja mbele ya mchungaji aliyetufundisha kipaimara, na kila nilipokana nilikana kwa ufundi zaidi. Leo nakuambia wewe kwa sababu ya harufu. Wiki iliyopita binti yangu alimwaga maji juu ya gunia la katani lililokuwa karibu na jiko la mkaa, na ule mvuke ukanirudisha jikoni kwetu Kikuyu, pale Dodoma, nina miaka tisa, nimechuchumaa mbele ya sanduku la mbao la majani ya chai.

Chatu huyo hakuwa wa huku. Hawa wa kwetu hukua mpaka wakameza mbuzi. Yeye alikuwa wa Afrika Magharibi, mnene, mfupi kuliko mimi, na akiogopa alijikunja duara na kuficha kichwa katikati, ndiyo maana tukamwita Mpira. Alikuwa wa mwalimu wa sayansi kutoka Ghana. Mkataba wake ulipokwisha akamwachia Yona, mwanafunzi pekee aliyethubutu kumshika.

Baba alikubali kwa sharti moja. "Nyoka akae jiko la nje. Siku nikimkuta ndani ya nyumba yangu, Yona, unakwenda Gulwe kwa shangazi yako ukachunge mbuzi." Baba alikuwa karani wa serikali. Akishatamka jambo, limeshapigwa muhuri.

Yona alimtafutia chatu nyumba kwa uangalifu ambao sijauona kwa watu wanaojenga za kwao. Alianza na debe, lakini mchana liliunguza na alfajiri likawa la baridi. Akajaribu tenga la kuku, chatu akatoka taratibu kama mtu anayeshuka kitandani. Mwisho akapata lile sanduku. Akatoboa matundu ya hewa, akatia komeo, akatandika gunia lenye unyevu upande mmoja, akaweka bakuli zito la maji na kipande cha chungu kilichovunjika ili chatu apate pa kujificha. Sanduku akaliegemeza nyuma ya ukuta wa mafiga, ambako joto lilibaki mpaka asubuhi.

"Anapenda kubanwa," aliniambia. "Akigusa ukuta kila upande, ndiyo anajua yuko salama."

Mimi niliona aibu. Mgeni ametoka Ghana, tunamlaza gizani kwenye masizi!

Hapo ndipo anapoingia Nasrin, rafiki yangu, ambaye baba yake aliuza vitambaa mjini. Sebuleni kwao kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya dhahabu, na kila nikienda kwao alinionyesha samaki wale kana kwamba amewazaa. Sisi sebuleni tulikuwa na kabati la vioo la mama, lenye vitambaa vyeupe vya kufuma na vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea. Vilikuwa vinamsubiri askofu. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kitu cha thamani huwekwa kwenye kioo, juu ya kitambaa, watu wakione. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu kila nyumba niliyoingia inafanya hivyo.

Jumamosi moja mama alikwenda sokoni, baba kazini, Yona kwenye mpira. Nikambeba chatu kwa mikono miwili, nikampanga katikati ya vikombe, nikafunga mlango wa kioo na kumwita Nasrin.

Nasrin alitazama kwa muda. "Mbona kajificha uso? Ana aibu?"

"Amelala. Kwao Ghana sasa hivi ni asubuhi."

"Samaki wangu hawalali wageni wakija," akasema. Nikakasirika, tukaondoka kwenda kwao kuhakikisha. Tuliwahakikisha saa mbili nzima. Nyumbani jua la alasiri, lile la Dodoma lisilo na wingu wala huruma, lilikuwa limeingia dirishani na kulikuta kabati limefungwa.

Niliporudi chatu alikuwa amekunjuka. Alikuwa ameangusha vikombe vitatu akitafuta pa kupenya, kichwa chake kiko kwenye pembe ya kioo, mdomo wazi, hapumui tena. Nilikuwa bado nimesimama pale baba alipoingia.

"Nani kamweka huyu hapa?"

Nikasema, "Kaka Yona."

Jioni Yona alisimama na viatu vyake mkononi. "Baba, si mimi."

"Kumbe alifungua mlango mwenyewe, akajipanga na vikombe?"

Yona hakunitazama hata kidogo. Alimtazama baba, kwa muda mrefu, na mimi nikashukuru kwamba macho yale hayakunihusu. Jumatatu alipanda treni kwenda Gulwe. Shule yake iliishia hapo. Mimi niliendelea mpaka chuo kikuu, nikajifunza kuandika insha ndefu kuhusu haki, baadhi yake zikasifiwa.

Yona sasa ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Mwaka juzi tulipomzika baba alituma magunia mawili ya mahindi kwa lori, yeye mwenyewe hakuja. Ndugu wakasema ana moyo wa jiwe, nami nikatikisa kichwa pamoja nao.

Baada ya gunia lile kulowa nilimpigia simu. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya mvua. Nikamwambia yote, mpaka vikombe.

Kwake kulikuwa na kelele za watu wakipakia mzigo. Akasogea mbali nazo.

"Eliza, mimi nilijua ni baba," akasema. "Alimchukia yule nyoka toka siku ya kwanza. Nikajua kamuua mwenyewe, akanisingizia, apate sababu ya kunifukuza."

"Hapana, kaka."

"Nimekaa na hilo miaka yote. Hata kaburi lake silijui. Yeye alijua ni wewe?"

"Hakujua."

"Kwa hiyo alikufa akijua mimi ni mwongo."

Nikaanza kusema nilikuwa mtoto.

"Wakati mnamzika ulikuwa mtoto?" akauliza, kwa upole kabisa, kisha akakata simu.