Ukuta wa Chekeche

Miaka minne iliyopita, asubuhi ya Jumatatu, simu ya ofisi iliita kabla sijavua sweta. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika karakana ya Mzee Mseti, kata ya Turwa mjini Tarime. Nilichora michoro ya mashine za kusaga nafaka na kusimamia tovuti ya kampuni. Aliyepiga alikuwa Mama Jesca, katibu wa kikundi cha wanawake cha Mugumu, wilayani Serengeti.

"Marahaba, binti," aliitikia salamu yangu. "Nimeingia kwenye tovuti yenu. Mashine zinang'aa kama sufuria za harusi. Ila nina swali: wale wazungu wanne wenye kofia ngumu, ndio watakaokuja kutufungia mashine?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mzee Mseti, aliyekuwa akipiga tupa mlangoni, aliacha.

"Kikao chetu ni Jumamosi," Mama Jesca aliendelea. "Tutachagua kati yenu na mashine ya kutoka Mwanza. Nionyesheni moja tu mliyoitengeneza wenyewe, ikadumu. Wazungu nitawasalimia siku nyingine."

Mzee hakuwahi kuitazama tovuti hiyo. Mwanawe, Nelson, ndiye aliyemtafuta mtengenezaji, na picha zote ziliokotwa mtandaoni. Nilimgeuzia Mzee kompyuta. Aligusa uso wa mtu mmoja kwa kidole chenye makovu ya moto.

"Huyu ni nani?"

"Ni picha tu, baba," alisema Nelson.

"Mtu wa picha tu anafanya nini ndani ya karakana yangu?"

Hakunywa chai siku hiyo. Alianza ufundi kijijini kwao Genkuru, miaka ambayo wanawake walikuwa wakisaga mtama kwa mawe, na mashine yake ya kwanza aliiunga kwa ekseli ya lori na pipa la mafuta. Kwa mtu aliyejenga jina lake kwa zaidi ya miaka thelathini, kuambiwa kwamba hana hata kazi moja ya kuonyesha kulikuwa sawa na kuitwa mwongo.

Nelson alinipa hadi Ijumaa kuirekebisha tovuti. Nilimwomba Mzee picha za kazi zake za zamani.

"Sina," alijibu. "Ng'ombe wa mahari akishatoka zizini, unamfuata na kamera?"

Tuliamua basi kuipiga picha karakana yenyewe, na Nelson akaniagiza niondoe takataka zote ukutani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa chekeche kuukuu. Chekeche ni bati lenye matundu linalokaa ndani ya mashine, ambalo unga hupitia. Zilikuwa arobaini na moja. Nilizishusha zote, nikazipanga kwa ukubwa karibu na geti zimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha nikafagia na kuupangusa ukuta. Nakiri kwamba niliridhika na kazi yangu.

Mzee aliingia saa nne. Alisimama mbele ya ule ukuta mtupu wenye safu za misumari.

"Koku," aliniita, kwa kuwa jina Kokushubira humchosha, "ng'ombe wangu wako wapi?"

Sikumwelewa, hadi nilipomwona akielekea getini na kurudi na chekeche mbili mikononi. Nilikwenda kumsaidia. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alitundika moja moja, na kila aliyoitundika aliitaja.

"Hii ya Matiko wa Nyangoto. Alikuwa akiwasagia wachimbaji, mashine haina Jumapili. Tazama matundu yalivyolika."

"Ya mwaka gani, mzee?"

"Mwaka waliotahiriwa kina Nelson. Andika hivyo. Usiandike kwamba alipepesa macho."

"Baba! Sikupepesa!" Nelson aliita kutoka uani. "Koku, andika elfu mbili na sita, basi!"

Niligeuza chekeche moja. Nyuma yake kulikuwa na jina na kijiji, kwa ile chaki ya mafundi wa kuchomelea. Zote zilikuwa hivyo. Mteja aliyefuata chekeche mpya aliacha ile ya kwanza iliyochakaa, na Mzee akaitundika.

"Kwa nini unazitunza?" niliuliza.

"Mashine iliyokufa hairudishi chekeche," alisema.

Nilikwenda kuchukua kamera. Nilipiga picha ya kila chekeche, mbele na nyuma, nikaandika jina, kijiji na mwaka. Alhamisi tulikwenda Genkuru kwa mwenye chekeche ya msumari wa kwanza. Ni mjane aitwaye Robi, rika la Mzee, na mashine yake tuliisikia ikinguruma kabla hatujafika. Ilikuwa ile ya ekseli na pipa, yenye viraka vitatu.

"Mseti!" alisema Robi, akijifuta unga. "Mashine hii ilipokuja ulikuwa na nywele."

"Na wewe ulikuwa na adabu."

Mzee alitaka tuipake rangi kwanza. Robi alisimama mbele yake.

"Watu wanaijua hivi hivi. Ukiipaka rangi watasema nimeuziwa mpya."

Nikawapiga picha wakiwa bado wanabishana, wamejaa unga wote wawili. Robi aliniruhusu niweke na namba yake ya simu.

Ijumaa jioni wazungu walitoka. Mahali pao nikaweka picha ya Genkuru, na chini yake chekeche arobaini na moja. Jumamosi Mzee alishinda akifagia sehemu zilizokwisha kufagiliwa. Saa kumi simu iliita.

"Nimempigia huyo Robi," alisema Mama Jesca. "Tumeongea saa nzima, na mashine tumeizungumzia dakika tano tu. Kikundi kimekubali. Njooni mpime msingi."

Mzee alikaa juu ya pipa. Ndipo alipoomba chai.

Sasa magoti yamemrudisha Genkuru, na karakana anaiendesha Nelson. Bado kuna asubuhi ninapoingia nikitarajia kusikia tupa mlangoni. Mwezi uliopita Mama Jesca alikuja kuchukua chekeche mpya, akiwa na ile ya zamani ameifunga kwa kanga. Niliandika jina nyuma kwa chaki, nikaitundika. Msumari wa arobaini na mbili ulikuwepo tayari. Mzee aliugongelea mwenyewe wiki tuliyofunga mashine Mugumu. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye tovuti, nikamtumia na yeye.

Alipiga simu baada ya muda mfupi. Nilitarajia furaha.

"Koku, imelika zaidi upande gani?"

Nilisogea nikaangalia. "Kushoto, mzee."

"Basi shafti imelala upande huo. Mwambie Nelson aende Mugumu kesho akaisawazishe, kabla hajasumbuka mtu."