Wimbo wa Filamu Zizini

Kila nikialikwa harusi Mugumu nakikuta kinanda kilekile, na kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi akiupondaponda ule wimbo wa filamu ya Kihindi. Kabla hajamaliza ubeti wa kwanza, pua yangu imeshapata harufu ya ngozi ya ndama iliyopakwa chumvi.

Nimeusikia wimbo huo ukifanyiwa kila aina ya unyama. Kwaya iliupachika maneno ya wokovu, na sauti ya tatu ikapotelea njiani. Muuza sumu ya panya aliutia kwenye spika yake mnadani. Siku hizi uko kwenye simu za watu, umeharakishwa mpaka mwimbaji analia kama kuku aliyekanyagwa. Wote hao nawadharau, wala sioni haya kusema. Ila wa kwanza niliyemdharau alikuwa mama yangu.

Tulikaa Nyansurura. Baba mdogo Marwa alikuwa na kibanda cha video pale senta, nami niliingia bure, kwa hiyo filamu ile niliijua kuliko katekisimu. Mama hakuwahi kuiona. Wimbo aliuokota akipita nje na ndoo yake ya maji.

Mwaka ule ng'ombe wetu alifiwa na ndama, akagoma kushusha maziwa. Mdogo wangu Bhoke alikuwa bado mchanga na maziwa ya mama yalikuwa yamekatika. Kila tulipomjaribisha uji aliutema, akazidi kukonda. Basi baba akaijaza nyasi ile ngozi ya ndama, akaisimamisha mbele ya ng'ombe ailambe, na mama akachuchumaa kukamua huku akiimba.

Aliimba vibaya. Aliuvuta wimbo polepole, Kihindi chote akakigeuza mguno, na pale mwigizaji anapotaja jina la mpenzi wake, mama alitia "Ghati". Kwenye filamu hakuna Ghati. Nilichukia kweli, nikaenda kumshtaki kwa baba mdogo.

Jioni alikuja na redio begani, mtaalamu mzima.

"Shemeji, unaharibu wimbo wa watu. Ngoja huyu ng'ombe asikie wenyewe."

"Haya mura, mpigie," mama akasema, akasogea pembeni.

Redio ikalia. Ng'ombe akageuza shingo, akaitazama, akaipiga teke pamoja na kibuyu. Hakutoa hata tone. Ndani Bhoke alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha. Mama akachuchumaa tena, akaanza mguno wake, Ghati, Ghati, na maziwa yakaja.

Nikaamua kwamba ng'ombe hawana masikio ya muziki. Nilibaki na elimu hiyo mpaka nilipojifungua mwenyewe, shangazi akaja kuniogeshea mtoto. Nikamwimbia mtoto ule wimbo kwa kumwigiza mama, kwa dhihaka, na Ghati wake humohumo. Mikono ya shangazi ikasimama ndani ya beseni.

"Habari za Ghati nani alikwambia?"

Ghati alikuwa dada yangu. Alinitangulia kuzaliwa, akafa hajaota hata jino, na nyumbani hakutajwa tena. Mama alimtaja zizini tu, akimwimbia ng'ombe aliyekuwa akilamba ngozi ya mwanawe.

Kijana wa kinanda bado namdharau. Akifika pale penye jina, hutaja la bibi harusi ili atunzwe. Mimi nataja la dada yangu.