Pembetatu za Kitenge

Enzi zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, hesabu tulizishika kwa mikono. Vitabu havikutosha, basi mwalimu alitukatia chemshabongo za karatoni za sabuni: pembetatu nne zenye pembe mraba na mraba mmoja mdogo. Ukizipanga vizuri, zinajaza mraba mkubwa aliouchora kwa chaki sakafuni. Safu itakayomaliza kwanza inakaa na mpira wa darasa wikendi nzima. Mi niliutaka ule mpira kuliko nsima na samaki, maana sisi wasichana hatukuwahi kuupata.

Safu yetu ilinipa vipande nivitunze. Asubuhi ya mashindano nikakuta Mama amevitumia kuwashia mbaula, jiko letu la mkaa. Nililia mpaka jirani akachungulia. Mama, fundi cherehani toka Bukavu, hakubishana. Akaniuliza vipimo, nilivyokuwa navyo kichwani, akakata vingine kwenye masalio ya vitenge vya kwaya.

Darasani nikavipanga, vikazidi chaki pande zote. Mama alikuwa amekata kifundi, akaacha nafasi ya mshono. Wavulana walicheka huku wakigonga madawati. Rafiki yangu Furaha, binti wa mfanyabiashara toka Kindu, hakucheka. "Bitambaa njo binashonwaka," akasema. "Tushone basi."

Sindano ilikuwa kwenye kola yangu, sisi watoto wa mafundi hatukutembea bila sindano. Tukashona, tukakunja pindo. Wavulana walimaliza kabla yetu, wakapiga yowe. Mwalimu anakuja kukagua, upepo wa Dzaleka ukaingia dirishani na vumbi lake, karatoni zao zikaruka mpaka uani. Kitambaa chetu kilibaki pale pale, kimeenea ndani ya chaki. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema yeye anakagua anachokiona. Mpira ukalala kwetu.

Sasa nafundisha hesabu huku Lilongwe, mtaa wa Chilinde, na bado nakata chemshabongo za karatoni. Batoto ba siku hizi wanapiga picha kwa simu, jibu linatoka kabla sijamaliza kugawa vipande. Nawatania, ila nawahurumia pia. Hawajui raha ya kushikiliana kitambaa huku darasa zima linawacheka.

Jumapili nikikaa na makasi, Mama, ambaye siku hizi haoni tena tundu la sindano, hupapasa kipande kimoja.

"Uliacha nafasi ya mushono?"

Karatoni haishonwi, naye anajua.

"Ndiyo, Mama," namjibu. "Niliacha."