Sofia wa Mwanangu

Msinicheke, nimeaibika vya kutosha. Mwanangu Hamisi, mpishi wa hoteli hapa Doha, nilimsikia akinong'ona kwenye simu: "Paris ghali. Sofia ni rahisi, na wengi hawajafika. Ila mama asijue kwanza."

Rahisi! Damu ikanichemka. Ijumaa mezani, mbele ya wageni, nikagonga sahani kwa kijiko.

"Zuhura mkwe wangu, mumeo ana kimada! Hamisi, chagua leo hii: Sofia au mimi!"

Hamisi akafunika uso. Zuhura wali ukampalia kwa kicheko, kisha akasema:

"Mama, Sofia ni mji, uko Ulaya. Tulikuwa tunaamua kama tukupeleke ukatembee."

Nikashusha kijiko. "Basi mwanangu, usichague haraka."