Maji Yaliyopungua Chalbi

Tuliondoka Migori watu wanne kwa baisikeli, nia yetu kuvuka jangwa la Chalbi hadi Ziwa Turkana. Tulikuwa mimi, mwanamke ninayeuza vipuri sokoni; shemeji yangu; mwalimu mstaafu wa Rongo aliyetufunza safari ndefu; na mtu wa Homa Bay.

Huyo wa mwisho alikuja wakati mazoezi yetu ya bonde la Lambwe yalikuwa yanaisha. Alikuwa fundi wa injini za maboti, mwenye miguu imara kama chuma na maneno machache. Ila alikuwa na mkoba wa turubai uliofungwa kwa kufuli, na kila tukilala aliufanya mto.

"Mtu wa kufungia nguo kufuli ana nini ndani?" shemeji aliniuliza kwa Kijaluo, chini chini, tulipokuwa tukipanda kuelekea Marsabit. Nilicheka. Tuliposhuka Chalbi sikucheka tena.

Huko ardhi ni nyeupe kwa chumvi na upepo unakuja usoni kama mvuke wa sufuria. Kila mtu alikuwa na chupa zake. Jerikeni la akiba lilifungwa kwenye keria ya shemeji, na tulikubaliana lifunguliwe jioni tu, wote tukiwepo. Jioni ya pili shemeji alilinyanyua, akaliweka chini, akalinyanyua tena.

"Hili limekuwa jepesi."

Halikuwa limetoboka. Mwalimu, ambaye siku nzima alikuwa akituomba tusimame akakojoe, alijifuta jasho.

"Sisemi ni nani," alisema. "Lakini sisi watatu tunajuana."

Kuanzia hapo nilimchunguza yule fundi kama askari. Mbona midomo yake haikupasuka kama yangu? Mbona alipenda kubaki nyuma? Akiinama kukaza mnyororo, nilihesabu hiyo kuwa hila. Hata alipoimba polepole, nilisikia mtu aliyekunywa akashiba.

Siku iliyofuata jerikeni lilipungua tena. Shemeji hakungoja. Aliuvuta ule mkoba.

"Fungua, omera," alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo.

"Nikifungua, mtaniomba msamaha?"

Shemeji alionyesha kufuli kwa kidole, naye fundi akatoa ufunguo. Alifungua. Ndani mlikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, leso ya mwanamke iliyokunjwa vizuri, na chupa ya maji iliyojaa kupita nusu.

"Haya! Umeyatoa wapi?" shemeji alifoka.

"Nimejinyima. Hii leso ni ya mke wangu. Tumemzika juzi juzi tu. Mmetosheka?"

Mwalimu alikuwa akiangalia mlima mbali. Nilitaka kumwamini fundi, lakini ile chupa ilinikwama rohoni. Nani hujinyima maji jangwani?

Alfajiri niliamshwa na mlio wa kifuniko. Nilifumbua macho bila kujitikisa. Fundi alikuwa amelala, mdomo wazi. Aliyepiga magoti kwenye jerikeni alikuwa Mwalimu. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena.

"Mwalimu."

Aliruka. Kisha akakaa mchangani.

"Ni sukari, binti yangu. Daktari alinikataza kuja. Nikinywa, kiu inarudi palepale."

"Na ukaacha huyu mtu apekuliwe?"

"Niliogopa mtanirudisha nyumbani."

Aliniomba ninyamaze mpaka tufike Kalacha, kijiji kilichokuwa mbele yetu. Nilisimama nikawaamsha wengine, nikasema yote mbele yake. Shemeji alishika kichwa. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akatoa ile chupa yake, akaiweka mkononi mwa Mwalimu.

"Kunywa. Lakini usiniite ndugu."

Tulimfikisha Kalacha tukimsukuma kwa zamu juu ya baisikeli yake, fundi akisukuma kuliko sote. Huko kuna chemchemi na zahanati. Mhudumu alipompima hakutaka hata maelezo. Alimpandisha lori la mbuzi lililokuwa linaenda Marsabit, apelekwe hospitalini. Alipata nafuu, lakini sijamwona tena kwenye baisikeli.

Sisi watatu tuliendelea. Fundi alitangulia mbali, nasi tukafuata alama za magurudumu yake. Ziwani, shemeji alimsogelea kwa aibu.

"Tumekukosea, omera."

"Wewe uliuvuta mkoba," alisema. Kisha akanitazama mimi. "Huyu aliangalia tu. Sijui ni nani mbaya zaidi."

Fundi alinawa uso kwa yale maji ya kijani ya ziwa, akatuuliza wapi anaweza kupata lori la kwenda kusini, na lilipofika akaipakia baisikeli yake peke yake.