Mada Ambayo Mwalimu Nyanjige Amekataa Kuifuta

Saa mbili na robo asubuhi, mwalimu Nyanjige Maige anausukuma mlango wa darasa kwa mguu, maana mikono yake imeshika beseni la plastiki. Anapita nalo kutoka dawati hadi dawati. Kila mwanachuo anatumbukiza humo simu yake, ikiwa imezimwa.

"Wewe wa dirishani, na ile ya pili," anasema bila kucheka.

Wanachuo ni tisini na wanne, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu hamsini. Wote wanasomea stashahada ya ualimu katika chuo kimoja binafsi mjini Bariadi. Mada ya leo ni nidhamu shuleni. Kabla hajaandika neno ubaoni, Nyanjige, mwenye umri wa miaka 46 na aliyefanya ukufunzi kwa miaka kumi na tisa, anatoa sharti: anayetaka kumpinga mwenzake aanze kwa kueleza hoja ya huyo mwenzake, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema.

Sharti hilo hakulitoa kitabuni. Lilizaliwa na asubuhi moja ya Mei ambayo, akiisimulia, bado sauti yake inapanda.

Siku hiyo aliuliza swali jepesi kulitamka. Msichana aliyejifungua akitaka kurudi darasani, wewe mwalimu utafanya nini?

Machibya, mwakilishi wa darasa, kijana wa Mwandoya anayejua kuongea mbele za watu, alisimama haraka.

"Mimi simpokei. Waraka wa serikali wa kuwarudisha shuleni useme unavyosema, shule si kliniki ya wajawazito. Wenzake watajifunza nini kwake?"

Darasa zima liliangua kicheko. Wengine wakapiga meza. Ndipo nyuma kabisa akasimama Minza, miaka 23, mwenyeji wa Dutwa, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono.

"Huyo mnayemcheka ni mimi," alisema. "Nilifukuzwa kidato cha pili. Mwanangu anaitwa Winnie, yuko darasa la kwanza."

Mtu akapiga mbinja. Mwingine akadakia, "Ndiyo maana!" Minza akachukua daftari lake, akatoka.

Nyanjige hajitetei. "Kosa langu ni hilo. Nilishika chaki, nikaacha kicheko kiendelee nikidhani kitakwisha chenyewe. Ilikuwa kama dakika moja. Mwalimu akinyamaza dakika moja, mtu anavunjika."

Kufikia jioni, video ya sekunde arobaini ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, likiwamo la ukoo wa kina Minza. Kesho yake, Nyanjige aliitwa na makamu mkuu wa chuo, Mwalimu Sylvester, akakabidhiwa barua: ajieleze ndani ya siku mbili kwa nini aliruhusu mjadala uliovuruga amani ya chuo.

Aliuliza aliyerekodi atafanywa nini. Akajibiwa kwamba hajulikani.

"Na Minza?"

"Tumempa ruhusa akapumzike nyumbani, mpaka hali itulie."

Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, damu ilipomchemka.

"Nilimwambia, mwalimu, unasikia unachosema? Aliyecheka yuko darasani. Aliyerekodi yuko darasani. Aliyechekwa mmempandisha basi! Mara ya kwanza walimfukuza kwa sababu ya mimba, mara hii mnamfukuza kwa sababu ameitaja. Na hiki ni chuo cha ualimu!"

Makamu alimjibu kwa upole uliomuudhi zaidi. "Madam, kuna mada nyingi kwenye muhtasari. Hiyo iruke tu."

Hakuiruka. Barua yake ya kujieleza ilikuwa na sentensi tatu. Alikiri kwamba alichelewa kukizima kicheko, akasema mada ni halali, na akaomba Minza arudishwe. Jumamosi alipanda basi kwenda Dutwa.

Alimkuta shambani, anachuma pamba na mama yake. Aliwasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia, lakini mama hakusimama.

"Umekuja kumchukua wakamcheke tena?" mama aliuliza. "Baba yake hasemi naye tangu hiyo video. Watu wa kanisani wamenionyesha mimi, mayu, mama mzazi, kwenye simu zao."

Nyanjige alivua viatu, akaingia mstarini akachuma nao. Alisema alilokwenda kusema: kwamba aliyekosa ni yeye mwalimu, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Minza aliendelea kuchuma mpaka kiroba kikajaa. "Nitarudi," alisema hatimaye. "Lakini usiniite mfano. Usiseme 'kama Minza'. Nikitaka kuongea nitaongea."

Alirudi baada ya siku kumi na tisa. Mtihani wa majaribio ulikuwa umempita, na mpaka sasa matokeo yake yana pengo ambalo chuo hakijaamua kulijaza.

Asubuhi aliyorudi, Nyanjige alilileta swali lilelile, safari hii kwa beseni na kwa sharti. Alimtaka Machibya aeleze, kwa haki, hoja ya mtu anayetaka msichana arudi shule. Kijana alianza, akakwama. Akaanza tena. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mwalimu hakuliondolea darasa macho.

"Nilikuwa najua kupinga tu," Machibya anasema leo. "Bado kuna mambo sikubali, mathalani nani atamlea mtoto mchana kutwa. Lakini siku ile sikutoa hoja. Nilimcheka mtu." Anasema alimwendea Minza mbele ya bweni, akamwomba radhi. Minza aliitikia kwa kichwa na kupita.

"Sijamsamehe," Minza anasema, tena bila jazba. "Ila sasa nikinyoosha mkono ananisubiri nimalize."

Barua ya onyo aliyopewa baada ya kujieleza bado iko kwenye jalada la Nyanjige. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja na unaisha Desemba. Amedokezwa kwamba utaangaliwa upya.

"Waangalie," anasema huku akikunja ngumi juu ya meza. "Wanaogopa kelele za darasani. Watu wahitimu hapa na vichwa vilevile, wakapewe watoto wetu, hilo hawaliogopi?"

Likizo ijayo anataka kuwakusanya wakufunzi wenzake wa Simiyu kwa siku mbili, wafundishane namna ya kuongoza mijadala migumu. Kumi na mmoja wamekubali. Ukumbi hajapata.

Akiulizwa anategemea kuvuna nini, hafikiri sana.

"Kati ya hawa tisini na wanne, nataka mmoja tu. Amkute msichana amesimama getini na mtoto mgongoni, anaogopa kuingia. Amwambie: ingia, dawati lako lipo."