Jiwe la Kwato Lililobaki Nje ya Tangi

Asubuhi niliyoanza kazi ya mawe, nyuma ya gesti ya Haji Mbaraka pale Makanyagio, mjini Mpanda, tulikuwepo watu watano. Haji mwenyewe, mwenye gesti na duka la vifaa vya ujenzi. Dominiko, meneja wake, Mfipa, aliyemuoa binti wa jirani yangu wa Misunkumilo, na ndiye aliyeniombea kazi. Limi, mpishi, Msukuma, tuliyekuwa tukiuza naye mihogo kabla ya kuajiriwa wote wawili. Fundi Twaha, aliyekuja na mzigo kutoka Dar es Salaam na hakuwa na undugu na mtu yeyote pale. Na mimi Kalunde, mfua mashuka, nikiwa tayari na wajukuu. Nawataja mapema kwa sababu mwisho wa habari hii nitawahitaji.

Haji alikuwa ameona tangi la samaki wa baharini kwenye hoteli moja ya Dar iliyokuwa inafungwa. Akanunua vyote: kioo, pampu, mawe kwenye magunia, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Akawatangazia wafanyabiashara wenzake mjini kwamba Mpanda itapata bahari yake. Samaki wakawekwa kwenye kreti la plastiki lisilo na matundu, lenye maji ya chumvi, ofisini kwa Dominiko, na pampu inawapulizia hewa, wakisubiri mawe yawe tayari.

Fundi Twaha akafungua gunia la kwanza. Harufu ikaturudisha nyuma sote.

"Hii ni maiti, si jiwe," Limi akasema.

"Mama, umesema kweli," Fundi akajibu. Akatuonyesha. Jiwe la matumbawe lina matundu kama kitumbua, na ndani ya matundu huishi vidudu vya baharini. Jiwe likikaa kavu, vinafia humo humo na kuoza. Ukiliingiza tangini hivyo hivyo, uozo unatoa sumu inayoitwa amonia, na samaki wanakufa wakihema juu juu.

"Sasa si tuchemshe? Sufuria la pilau lipo."

"Usithubutu! Kuna vidudu vya baharini vinaacha sumu kwenye mawe haya. Ukichemsha inapanda na mvuke, mtalazwa jiko zima."

Limi akaenda kulificha sufuria lake kabisa.

Haji akamgeukia Dominiko. "Nani atasimamia?"

"Bi Kalunde, Haji. Ana mkono wa kusugua."

"Basi samaki wakifa, wewe na Bi Kalunde wako mtafute kazi pengine."

Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye mashuka nikaingia kwenye mawe. Tangu siku hiyo kiti hakikunishika.

Kazi yenyewe, nyie vijana mnaotaka kujua, ilikwenda hivi. Unavaa glavu na miwani, maana kilichokufa kwenye jiwe kinaweza kukuingia kwenye mkwaruzo. Unasugua kwa brashi ngumu ya plastiki, sio ya waya, kwa sababu waya huacha chuma na shaba. Vinyama vilivyojificha unavichokonoa kwa kijiti. Kisha unaloweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji ya baridi, nje penye upepo. Siki usiilete karibu na jiki hata siku moja, zikikutana zinatoa hewa inayokaba kifua. Unasuuza, unarudia, unatia dawa ya kuua jiki iliyobaki, unaanika juani mpaka pua isisikie kitu.

Hapo mtu angedhani amemaliza. Bado. Mawe yanaingia kwenye pipa jipya la maji ya chumvi ya bahari, ile inayokuja kwa ndoo kutoka Dar, sio ya kupikia. Unaweka pampu ya kuzungusha maji na kifaa cha kupasha joto, unafunika pipa kuwe giza ili ukijani usiote. Uozo wa ndani kabisa unatoka polepole. Unabadilisha maji, unapima maji kidogo kwa matone ya dawa: yakigeuka kijani, bado kuna amonia, yakibaki njano, jiwe limepona. Inachukua wiki nyingi.

Wiki hizo ndizo zilizonichakaza. Naamka, naenda kwenye pipa. Nafua shuka moja, naenda kwenye kreti. Samaki walikuwa wanajibana pembeni, maana hawakuwa na pa kujificha, na maji ya kreti yalichafuka upesi. Umeme ukikatika, nakimbia kumwambia Dominiko awashe jenereta. Limi akawa ananicheka: "Wewe Kalunde, hata wakwe zako hukuwahudumia hivi."

Fundi Twaha alikwisha kurudi Dar, nampigia simu kila mara. "Bado kijani," namwambia. "Bado hujaniudhi," ananijibu, "endelea."

Hatimaye kijani kikaanza kupauka. Jiwe nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile lililofanana na kwato ya ng'ombe, limepasuka katikati, na mwanya wake unawatosha samaki wote wawili kujificha. Nilisema moyoni, hapo ndipo watalala.

Kumbe mtaa nao ulikuwa unaangalia pipa. Mjue kwetu ni mji wa wachimbaji. Mtu akilowesha mawe kwenye pipa lenye kufuli, akabadilisha maji, akaweka mashine inayonguruma, hakuna anayefikiria samaki. Watu wanafikiria dhahabu. Maneno yakazunguka kwamba Haji amepata mawe ya nje yenye madini na amemweka bibi kizee kulinda ili asishukiwe.

Asubuhi moja nikakuta kufuli limekatwa. Mawe makubwa yote hayapo. Vipande vidogo tu vilibaki chini ya pipa, pampu inazungusha maji. Dominiko alishika kichwa, akasema neno moja: "Samaki."

Limi akavua aproni, akaondoka kwa bodaboda. Alikuwa anamfahamu mtu mmoja tu ambaye angefanya upuuzi ule, Masanja, mtoto wa dada yake, aliyekuwa na shughuli za machimboni. Mchana akarudi naye, na gunia limefungwa nyuma ya bodaboda.

Masanja alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kope.

"Waambie," Limi akamsukuma begani.

"Shikamoo Bibi. Nilipeleka karasha."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa ameshasaga moja.

"Umepata nini?" Dominiko akauliza.

"Chokaa. Mwenye karasha amenicheka mbele za watu. Ameniambia nikapake nyumba."

Hata mimi nilicheka, na machozi yakiwa yananitoka. Kisha nikauliza swali ambalo lilituondolea kicheko. "Hayo mengine uliyaweka wapi?"

"Chini pale, tunapooshea. Kwenye makarai."

Makarai ya kuoshea dhahabu, nyie, ndiyo yanayowekwa zebaki, ile dawa inayokamata dhahabu. Nikampigia Fundi Twaha nikiwa nimesimama. Akasema: "Zebaki haitoki kwa jiki wala jua, na matone yako hayaioni. Kila jiwe lililoingia kwenye hilo gunia, msahau. Yasiingie tangini."

Hilo lilikuwa wazi. Ila jioni hiyo, nikifagia uwanja, nikalikuta jiwe la kwato peke yake, kando ya ukuta, kati ya pipa na geti.

Limi akasema limeanguka kutoka kwenye gunia wakati Masanja anashusha. Dominiko akasema hapana, yeye mwenyewe jana yake alilitoa pipani kulitazama, na anadhani alilisahau ukutani. "Unadhani au unajua?" nikamuuliza. Akakuna shingo. Masanja naye hakukumbuka alichobeba.

Haji alikuja, akaliona, akafurahi. "Hili zuri, linatosha. Liingie tangini leo, samaki wale wamechoka."

"Haji, halina uhakika."

"Linanuka?"

"Halinuki. Zebaki hainuki."

"Bi Kalunde, wewe ni mfanyakazi wangu au mganga wa mawe? Wakifia kwenye kreti utasemaje?"

Nilimwambia tu kwamba kwenye kreti nawaona na naweza kuwabadilishia maji, ila wakila sumu nisiyoiona sitakuwa na la kufanya. Haji akaliangalia lile jiwe, akaangalia ofisi walipo samaki. "Basi wape nyumba nyingine," akasema, akaingia ndani bila kuniaga.

Limi ndiye aliyeleta chungu kipya cha udongo, hakijapikiwa, kimepasuka mdomo. Tukakisuuza, tukakilaza tangini juu ya vile vipande vidogo vilivyopona. Tukawamwaga samaki taratibu. Walizunguka, wakazunguka, nami nikizunguka nao nje ya kioo. Kisha mmoja akaingia chunguni, na mwenzake akamfuata. Dominiko alikaa chini sakafuni kama aliyeshushwa mzigo.

Niliwatunza mpaka magoti yaliponikataa, nikaagwa, nikaja kukaa Kabungu kwa mwanangu. Jiwe la kwato nilikuja nalo, kwa sababu sikutaka mtu alirudishe kwa kutojua, na kulitupa nako sikuweza. Liko juu ya uchanja, mbali na kuku.

Sasa meneja mpya amenipigia. Haji anaongeza tangi kubwa, na amekumbuka lile jiwe. "Bibi, ni safi au si safi?" Nimemwambia anipe muda. Tangu hapo naamka, nalishika, nalirudisha juu, nakaa, nainuka tena.

Dominiko ametangulia mbele ya haki. Limi amehamia kwa watoto wake, akili yake haitulii kwenye mambo ya zamani. Masanja hajulikani yuko machimbo gani. Fundi Twaha siku ile alikuwa Dar, hakuona. Wewe unayesoma, kama ulipita pale getini siku ile, au ulikuwa mgeni wa gesti, au ndiye uliyeendesha ile bodaboda, na nimekosea mahali, nirekebishe. Hasa hapo tu: jiwe la kwato lilianguka kutoka kwenye gunia, au lilikuwa ukutani tangu jana yake? Mpaka niambiwe, jibu langu kwa meneja ni lile lile nililompa Haji: halina uhakika.